Mji Niliodhani Nimeubuni

Jumapili, 3 Machi

Kwa mama fundi cherehani,

Shikamoo.

Hili sijamwambia mtu yeyote, na hata wewe nisingekuambia kama ningejua njia nyingine ya kulitoa kifuani. Yule mwanamume aliyekuja dukani kwako mwezi uliopita akakuumiza, nilimtuma mimi.

Hunijui, nami sikujui. Nina miaka kumi na sita. Shuleni wananiita Kimya, kwa sababu mwalimu akiniuliza swali darasa zima hugeuka kuona kama nitatoa sauti, na sauti haitoki. Tunasoma kwa lugha mbili. Kwa ile ya darasani naandika insha mpaka zinabandikwa ukutani. Kwa hii ya nyumbani sijawahi kuandika chochote zaidi ya majina ya vitu vya kununua dukani. Barua hii nimeianza mara tatu kwa ile ya darasani, kila mara ikawa inapendeza mno. Nikazichana. Kwa hii yetu kila neno linaniuma, ndiyo maana nimeichagua.

Mtu yule ni baba yangu. Ni fundi wa matairi. Tunaishi vyumba viwili nyuma ya karakana yake, na mlango wetu wa jikoni unatazamana na kompresa, ile mashine ya kujazia upepo. Ukisikia kompresa inanguruma na hakuna gari lililoegeshwa mbele, ujue kuna mtu anapigwa. Anaiwasha majirani wasisikie. Majirani wanajua, nao ikiwaka huongeza sauti ya redio.

Mama alikimbia Januari. Alitia nguo zake kwenye begi langu la zamani la shule akaondoka mchana nikiwa darasani. Hakuniaga. Baba akawa ananiuliza kila siku, "Mama yako yuko wapi?" Sikujua, haki ya Mungu sikujua. Wiki ya tatu akaniita karakanani kama anayetaka nimshikie kitu. Akaweka vidole vyangu viwili kwenye jiliwa, lile koleo kubwa lililofungwa mezani la kubania vyuma, akawa anazungusha mpini polepole huku ananiangalia usoni kama anavyoangalia kipimo cha upepo.

Nikataja mji.

Mji ule nilikuwa nimeubuni. Uko kwenye daftari langu, katika hadithi ninayoiandika tangu darasa la saba. Una kilima, una barabara moja, na watu wake hawapigani. Jina lake nilidhani nimelitunga mwenyewe. Nikamwambia baba kwamba mama amejificha huko, kwa fundi cherehani mwenye mlango wa kijani, mkabala na mashine ya kusaga.

Nilitegemea arudi amechoka, ameuliza kila stendi akaambiwa hakuna mahali kama hapo. Kipigo cha siku hiyo nilikuwa nimeshajiandaa nacho. Lakini alirudi siku ya nne anapiga mluzi. Akamwambia rafiki yake, yule muuza oili, "Mke sijampata. Ila kuna mshonaji huko atanikumbuka kila akitia uzi kwenye sindano." Wakacheka mpaka mwenzake akakohoa.

Nilipofua shati lake nikakuta kadi ya duka lako mfukoni, ina sanduku la posta na jina la mji. Jina langu lile, herufi kwa herufi. Kona moja ya kadi imegandwa na damu.

Naomba unisamehe. Simu nyumbani ni moja na inalala chini ya mto wake. Ukitaka kunijibu tumia anwani ya shule. Barua hugawiwa na mwalimu wa maktaba, na yeye hafungui za watu.

Kimya


Alhamisi, 14 Machi

Wewe Kimya,

Marahaba. Sijui kwa nini nimeitikia, lakini nimeitikia.

Mwandiko usikushangaze, naandika kwa kushoto. Mkono wa kulia una vyuma vitatu na bandeji kama kichwa cha mtoto mchanga.

Barua yako imechelewa kwa sababu ilipelekwa mji mwingine kwanza. Jina hilo unalodai umelitunga tunalo watu wa miji miwili, mtoto. Kuna sisi wa chini, na kuna wenzetu wa juu, kule milimani, mwendo wa siku nzima kwa lori. Vitambaa vyangu hupotelea kwao, wagonjwa wao hupotelea kwetu. Mwaka juzi walishusha hapa jeneza la mtu wao, tukakaa nalo asubuhi nzima tunatafuta wa kumlilia. Sasa na wewe umeongeza mji wa tatu, wa kwenye daftari. Hongera.

Unataka kujua ulichotuma? Nitakuambia, maana wewe ni mwandishi.

Aliingia saa tano asubuhi ameshika suruali, anataka ipunguzwe. Mpole kabisa. Kadi alichukua mezani akaisoma, akasema, "Kumbe ndipo hapa." Nikampigia magoti kupima pindo, pini nimezibana midomoni, ndivyo tunavyofanya kazi sisi. Akaniuliza kutoka juu, "Mke wangu umemficha wapi?" Nikadhani ni mzaha wa wanaume, nikacheka na pini zangu mdomoni. Akanipiga teke la mdomo. Pini mbili zilitokea shavuni. Moja niliimeza, daktari anasema itatoka yenyewe, nami bado naingoja.

Nikamwambia sina mke wa mtu, akasema ameelekezwa kwa fundi mwenye mlango wa kijani. Akanivuta kwa nywele mpaka kwenye cherehani, akaweka mkono wangu chini ya sindano na kuzungusha gurudumu kwa mkono wake, taratibu, kama anayejifunza kazi. Kila tundu na swali lake. "Yuko wapi?" Tundu. "Yuko wapi?" Tundu. Nilihesabu mpaka kumi na moja. Nikamwambia, baba, mlango unaoutafuta ni wa kijani, wangu wa bluu, toka nje uutazame! Akasema, "Umeupaka upya. Harufu ya rangi naisikia." Ile ilikuwa harufu ya mafuta ya cherehani. Halafu akatoa chuma kirefu alichokuwa amekificha kwenye mguu wa suruali akamalizia vidole vilivyobaki.

Polisi wameandika "mtu asiyejulikana". Samahani yako nimeipata, nimeiweka hapo mezani, haina kazi. Nipe jina lake.

Na nijibu swali moja. Jina la mji lingetosha kumwondoa. Kwa nini ulimpa na fundi cherehani, ukampa na mlango, ukampa na mashine ya kusaga? Hilo linanisumbua kuliko mkono.

Mama Pindo, ndivyo wanavyoniita


Ijumaa, 22 Machi

Mama Pindo,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako chooni shuleni, nikaisoma tena.

Nilikuambia nilisema kwa sababu ya jiliwa. Ni kweli mpaka kufikia jina la mji. Nilipolitaja tu, akauachia mpini. Vidole vikatoka. Vilikuwa bapa na vyeupe, na mimi nimevikumbatia kifuani. Ningeweza kunyamaza hapo, kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote.

Lakini baba alikaa juu ya tairi akasema, "Enhe?"

Sauti ile sijawahi kuisikia kwake. Alikuwa ananisikiliza. Aliinama mbele, viwiko magotini, macho yamenikazia, na sina hakika kama kuna mtu amewahi kunisikiliza namna ile maishani mwangu. Nikampa fundi cherehani. "Enhe?" Nikampa mlango, nikauchagulia na rangi. Nikampa mashine ya kusaga, na unga kwenye nyusi za wafanyakazi wake. Kila nikiongeza kitu aliamini. Vidole vinauma na huku nasikia raha, Mama Pindo. Nilisikia raha. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuisikiliza hadithi yangu na kuisadiki yote.

Na nilikuwa nimemkasirikia mama. Begi langu alilichukua, mimi akaniacha. Kuna upande mmoja wa moyo wangu uliotaka hadithi ile iwe kweli, amkute. Basi. Nimeshasema.

Jina siwezi kukupa. Usinikasirikie, au nikasirikie, lakini siwezi. Jumatano alinipiga kwa mpira wa tyubu mpaka sikuweza kukaa kwenye dawati, nikasoma nimesimama nikidai nina jipu. Ila ni yeye huyo huyo aliyenifundisha kutafuta tundu la pancha nilipokuwa mdogo. Unazamisha tyubu kwenye beseni la maji, unasubiri, mpaka kiputo kinatokea. Kikitokea alikuwa ananiinua juu na kusema, "Fundi wangu!" Nikiandika jina lake nitakuwa namtuma mtu mahali tena kwa kalamu. Mara ya kwanza imenitosha.

Kimya


Jumanne, 2 Aprili

Kimya,

Marahaba. Nimekaa na barua yako siku nne. Siku ya kwanza nilitaka nije huko nikuzabe kofi, la kushoto. Siku ya pili nikakumbuka kwamba hata mimi nimewahi kumdanganya mteja kuhusu kitambaa kwa sababu tu alikuwa ananisikiliza vizuri. Siku ya tatu nikajiuliza swali la fundi. Kipande hiki kimekatwa kutoka kwenye jora gani? Mtoto halitoi jina la mji hewani. Ulilisikia kwa mtu.

Siku ya nne nikapanda lori kwenda mji wa juu.

Sikutafuta sana, mji wenyewe ni kama kiganja. Nikauliza kama kuna mwanamke aliyehamia mwaka huu. Wakanionyesha hospitali, nyuma, kwenye chumba cha kufulia mashuka. Nilimkuta ameinamia beseni, na nilimjua kwa mkono. Vidole viwili vya kushoto havikunjiki. Nikafungua bandeji yangu. Tuliiweka mikono yetu pembeni ya beseni tukaitazama kama watu wanaolinganisha viatu. Halafu akasema, "Mwanangu yuko hai?"

Ni mama yako, Kimya. Bibi yake alizaliwa mji ule. Anasema ulipokuwa mdogo alikuwa anakuogesha huku kompresa inanguruma nje, zamu ya kupigwa ikiwa ya kaka yake aliyekuja kumtetea, na yeye anakunong'oneza jina la mji: tutakwenda huko, huko hawapigani. Hukulibuni. Ulilitunza.

Sasa tulia unisikilize. Siku ile baba yako angepanda lori la juu badala ya la chini, angemkuta. Bahati yenu ndiyo iliyonivunja mkono.

Hakukuchukua kwa sababu wawili wangeonekana barabarani, na alikuwa hana hata chumba. Sasa anacho. Kina kitanda kimoja na ndoano ya kutundikia sare ya shule, ameshaipigilia. Lakini usitoke kwenda kwake kabla huyo bwana hajashikwa. Utamwonyesha njia.

Na njia ataijua tu. Iko siku ataziba pancha ya dereva anayepita huko kote. Siku hiyo usingoje posta. Mlete kwangu. Mwambie lolote, wewe unajua kumwambia. Vijana wa mashine ya kusaga, maana ipo kweli ng'ambo ya barabara, waliniona nikibebwa kama kwenye machela juu ya mlango wangu wa bluu, na wameapa wakimwona watamshika wampeleke kituoni.

Na jina liandike. Ukikataa safari hii, utakuwa unamficha yeye usoni pangu.

Mama Pindo


Jumatano, 10 Aprili

Mama Pindo,

Imekuwa kama ulivyosema, tena upesi.

Jana jioni alikuja dereva wa lori la mbao, tairi mbili chini. Baba akamhadithia kwa majigambo safari yake ya Februari. Dereva akamuuliza, "Huko wa juu au wa chini?"

"Wa juu gani?"

"Si iko miwili! Jina moja. Sisi madereva tunapata tabu nayo, bosi akisema peleka mzigo tunamuuliza, mzee, kwa malaika au kwa kuku? Ha ha! Wewe uliona mlima?"

"Sikuona mlima."

"Basi ulikwenda kwa kuku."

Dereva alicheka peke yake. Baba alifunga nati zote nane, akamuaga vizuri, lori likaondoka. Halafu akawasha kompresa.

Siwezi kuandika yote. Alinipiga kwa chuma cha kutolea tairi, pigo la kwanza lilinipata mdomoni. Meno mawili ya mbele yamekwenda, la tatu linacheza. Nilipoanguka alinikanyaga mkono, akasema, "Ulijua. Ulijua iko miwili." Begi lake lilikuwa limeshafungwa, liko juu ya meza. Anakwenda wa juu.

Nikamwambia, kwa mdomo uliojaa damu, kwamba mama hayuko juu. Safari hii hakuwa ameniuliza, wala vidole vyangu havikuwa kwenye jiliwa. Nilitunga kwa akili zangu timamu. Nikamwambia mshonaji alimdanganya. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara muda wote, kwenye mashine ya kusaga, anashona magunia kwenye chumba cha nyuma, kichwa amefunga kitambaa cheupe na unga umemjaa hata kope. Alimwona baba akiingia dukani kwako. Alimchungulia kupitia tundu la ukuta, akacheka.

Lile la kucheka ndilo lililomshika. Aliniachia mkono. Akasema, "Alicheka?" Nikasema alicheka.

Anaondoka kesho alfajiri kuja kwako. Barua hii itakukuta yeye ameshafika, najua, lakini mikono yangu haina kazi nyingine ya kufanya. Nimekutumia mtu mbaya mara mbili, na mara hii nimekutumia kwa makusudi.

Jina lake kamili liko kwenye kipande tofauti humo ndani ya bahasha. Sikutaka likae karatasi moja na mama.

Kimya


Jumatano, 24 Aprili

Kimya,

Alifika Ijumaa saa sita mchana. Barua yako ilifika Jumatano iliyofuata. Kwa hiyo sikujua chochote. Nilikuwa nimekaa mlangoni najifunza kutia uzi kwa kushoto, nikainua macho nikamwona anavuka barabara. Hakunitazama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga akauliza, "Anayeshona magunia yuko wapi?"

Nilipiga kelele. Maneno hayakutoka, ilikuwa kelele tu.

Vijana wako watano pale. Niliwaambia mwezi mzima wamshike, nao waliniahidi watamshika. Hawakumshika. Wa kwanza alimpiga na koleo la unga mgongoni. Akaanguka, akainuka na kile chuma chake, akampasua kijana wa pili taya. Baada ya hapo sikuweza kuona nani anapiga nani, unga umepanda kama moshi, na ndani ya ule weupe nikawa nasikia tu. Mguu ulipovunjika niliusikia mpaka ng'ambo ya barabara. Alikuwa anaita, "Mama! Mama!" Wote huita hivyo, kumbe.

Na mimi nina langu la kukuungamia, maana wewe umeniambia lako. Vijana wale huniheshimu. Neno moja langu lingewasimamisha. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwao, nimesimama, mdomo uko wazi. Nikahesabu kwanza mpaka kumi na moja. Ndipo nikasema basi.

Hakufa. Sasa sikia alichofanya. Kitandani hospitalini, askari alipomuuliza, alilia. Akasema hajawahi kukanyaga hapa. Februari alikwenda mji wa juu kutafuta matairi ya mitumba, wala huku chini hajui hata kunafananaje. Ijumaa hiyo alishushwa kimakosa kwa sababu ya jina. Maskini, msafiri amepotea, amefananishwa. Ofisa alikuna kichwa. Kukanganywa na jina hili kila mtu hapa anakujua, ofisa mwenyewe mzigo wa harusi yake ulikwenda juu. Akamwamini! Walioko ndani sasa ni vijana watano, kwa kumpiga msafiri, na mimi naitwa mchochezi. Nikisema ndiye, wananiambia, mama, ulikuwa na pini mdomoni na damu machoni, una hakika gani?

Jina ulilotuma liko kwenye faili, lakini jina halithibitishi kwamba alifika hapa Februari. Kadi yenye damu inathibitisha. Na mtu aliyemsikia akisema ndiye aliyefanya, huyo ni wewe; muuza oili ni rafiki yake, hatasema.

Wanamwachia tarehe mbili Mei. Mguu wa kushoto una plasta, anatembea kwa kuuburuza. Atakuja nyumbani.

Mama yako amenikataza kukuomba hili. Anasema afadhali yeye atafutwe maisha yake yote kuliko wewe usimame mbele ya askari umtaje baba yako. Mimi nakuomba. Kijana mmoja kati ya watano hao hawezi kula kitu cha kutafuna.

Mama Pindo


Ijumaa, 3 Mei

Mama Pindo,

Shikamoo.

Barua yako niliipata juzi. Mwalimu wa maktaba alinikabidhi akaniangalia pengo langu, kisha akaliuliza lile swali ambalo watu wote wa mtaa huu wamelikwepa kwa redio. Nikamjibu. Alikaa kwenye kiti cha watoto wadogo, magoti yamefika kidevuni, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia pole. Akasema, "Kituoni nitakwenda na wewe, lakini kusema utasema mwenyewe."

Tumekwenda leo saa mbili asubuhi. Ofisa ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaanza kuandika kwa lugha ya ofisini, akinitafsiri humo humo, na nikaona kwenye karatasi yake baba "anadaiwa kutumia nguvu". Nikamwambia, samahani afande, sikusema hivyo. Nimesema alizungusha mpini. Akaniangalia juu ya miwani.

"Binti, maana ni ile ile."

"Siyo. Andika mpini."

Akaandika mpini. Sauti yangu ilikuwa inatoka inapiga filimbi kwenye pengo, lakini ilitoka. Nilimsimulia jiliwa, na siku ya nne, na mluzi, na maneno aliyomwambia muuza oili. Nikamwekea kadi yako mezani. Tena nikamwambia kwamba aliniachia vidole nikaendelea kutunga. Akaweka kalamu chini.

"Hilo la mwisho si lazima. Halikusaidii."

"Liandike."

Nilitia sahihi kwa jina langu kamili. Wamewapigia simu wenzao wa huko chini nikiwa nimekaa pale pale, nikasikia akisema, "Ndiyo, alifika. Ndiyo, Februari. Tunayo kadi." Lakini baba walikuwa wameshamwachia jana asubuhi. Vijana wako watatoka, ameniahidi, na hati ya kumkamata tena inaandikwa. Itamalizika kuandikwa lini, hakusema.

Mwalimu amekwenda kumtafuta mtu mwenye gari, anakuja kunichukua saa kumi. Nimerudi nyumbani kuchukua sare na daftari langu. Tulipiga hesabu ya barabara, tukaona mwenye plasta hawezi kufika kabla ya kesho. Nimekaa meza ya jikoni nakuandikia, ili barua hii itoke hapa hapa yalipotokea. Mwambie mama nitakuja. Mwambie bado nimemkasirikia kidogo, na kwamba nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo.

Wewe sikuombi tena msamaha. Nitakutilia uzi kwenye sindano, zote, kila likizo, mpaka utakaponiambia basi.

Kimya

Naongeza. Ni saa tisa na robo. Gari limesimama mbele ya karakana na kuondoka. Mwalimu hawezi kuwa amerudi sasa, na mwalimu akitembea hutembea sawasawa. Huyu anapiga hatua moja, halafu kitu kizito kinaburuzwa kwenye changarawe, halafu hatua tena.

Mlango huu hauna komeo. Hakuwasha chochote, kwa hiyo majirani wanasikia kama ninavyosikia mimi. Amepita meza ya jiliwa. Anaita jina langu, lile la nyumbani, kwa sauti ya upole. Karatasi zangu zote miaka yote hii zimelala chini ya godoro, na godoro liko hatua mbili kutoka nilipokaa. Mkono umeshaanza kuikunja hii, wenyewe, kwa mazoea. Nimeukataza. Maelezo yangu yako kituoni, yana sahihi, hata akiichana hii na mimi pamoja nayo.

Amesimama nje, anapumua, kitasa kinazunguka. Naigeuza karatasi iuelekee mlango, asipate tabu kuisoma juu chini.